Kichwani anajua, daftarini hajui

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu, shule ya msingi ya kijijini mkoani Singida. Darasa langu lina watoto 74. Kuna mvulana wa miaka tisa ambaye kwa mdomo simwezi: hadithi nikiisoma mara moja anaisimulia yote, hesabu za kichwa anajibu wenzake wakiwa bado wanahesabu vidole. Lakini daftari lake halisomeki. Herufi moja kubwa kama yai, nyingine kama punje ya mchele, mistari haifuati, karatasi zimetoboka. Kazi ya ubaoni hajawahi kuimaliza. Akitumwa maji, nusu ya ndoo inaishia njiani. Kamba za viatu hawezi kufunga, na kwenye mpira hakuna timu inayomtaka. Walimu wenzangu wanasema ni mvivu, amezoea maneno tu. Mama yake ananiuliza kama mtoto ametupiwa kitu. Mwalimu mkuu anataka arudie Darasa la Pili. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kabla sijakujibu nina ombi. Kesho saa ya chai wagawie wenzako karatasi na kalamu, kila mmoja ashike kwa mkono asioutumia kuandikia. Wewe wasomee aya moja ya gazeti kwa mwendo uleule unaowasomea watoto imla. Ukimaliza usikusanye karatasi. Waulize maswali matatu kuhusu habari uliyowasomea.

Nimefanya zoezi hili kwenye semina nyingi za walimu na mambo huwa ni yaleyale. Kalamu zinakandamizwa, ndimi zinatoka nje, herufi zinakuwa za mtoto wa awali, mtu anainama mpaka pua inakaribia kugusa meza. Kisha unauliza, "Habari hii ilimhusu nani?" Kimya. Watu wenye shahada hawakumbuki walichosomewa dakika mbili zilizopita. Mwalimu mkuu mmoja aliweka kalamu chini kwenye sentensi ya pili, akasema hizi ni kazi za kudhalilishana.

Kijana wako anashinda katika hali hiyo kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kwenda nyumbani.

Wewe ukiandika neno "mwalimu" huwazi herufi. Mkono umeshakariri njia zake, kama unavyotembea gizani ndani ya nyumba yako bila kugonga stuli. Kwa mtoto huyu ni kana kwamba kila usiku kuna mtu anahamisha vitu. Kila "a" anaianza upya: nianzie wapi, nizunguke kwenda upande gani, niishie wapi, nikandamize kiasi gani. Nguvu yote ya akili inaishia kwenye "a" moja, na sentensi aliyokuwa nayo kichwani inapotea. Ndiyo maana hadithi aliyokusimulia kwa dakika tano, daftarini inakuwa "Sungura alienda" na nukta.

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo (kwa Kiingereza "occupational therapy", fani ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku), na siwezi kumpa mtoto jina la tatizo kwa kusoma barua. Ila picha uliyoichora naifahamu vizuri. Ugumu unaokaa kwenye kuandika peke yake huitwa disgrafia. Ukiambatana na ndoo, kamba za viatu na mpira, tunaanza kufikiria hitilafu ya ukuaji wa uratibu wa mwendo, ambayo wengi huiita dispraksia. Shirika la Afya Duniani linaitambua katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Misuli haina ugonjwa. Akili haina upungufu. Kinacholegalega ni ule mpangilio kati ya kukusudia tendo na kulitenda: ubongo unachelewa kujifunza njia za mwendo, na hata ukishazifundishwa hauzishiki upesi.

Makadirio yanayotumika sana ni watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 5 hadi 11, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Kwa darasa la watoto 74 hiyo ni kama wanne. Kwa hiyo angalia tena, Mwalimu. Huyu umemwona kwa sababu anaongea. Inawezekana kuna msichana mkimya dawati la nyuma mwenye tatizo lilelile, naye ameshaandikwa "hajui".

Kwa mama yake sema hivi, na useme mbele ya baba kama yupo: mtoto hajatupiwa kitu, wala si adhabu ya jambo alilofanya akiwa mjamzito. Chanzo kamili mara nyingi hatukipati. Tunachojua ni kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati huwa nalo zaidi, na mara nyingine ukiuliza vizuri utasikia kuna mjomba aliyekuwa "mzito wa mikono" vilevile. Tena muulize alizaliwa na miezi mingapi, alianza kutembea lini, aliwahi kupata degedege. Yaandike majibu, yatakufaa baadaye.

Sasa thibitisha kwamba shida iko mkononi kweli. Hapa huhitaji mashine. Una vizibo vya soda vyenye herufi ambavyo shule nyingi hutumia kufundishia KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Chagua maneno matano ya kiwango chake, tuseme "kalamu", "ng'ombe", "mwembe", "darasa", "chungwa". Kwanza mwambie akutajie herufi za kila neno kwa mdomo. Kisha apange vizibo. Kisha aandike. Kiswahili kinatusaidia sana kwenye jambo hili kwa sababu neno linaandikwa jinsi linavyotamkwa. Mtoto anayetaja na kupanga "mwembe" sawasawa, halafu kwenye karatasi ikatoka "mebe" yenye herufi zinazopandana, huyo anajua neno. Mkono ndio umemwangusha. Akikosea hata kwenye vizibo, basi kuna suala la kusoma na kusikia sauti pia, na hilo lina njia yake nyingine.

Halafu mpime kasi. Andika ubaoni sentensi mbili, wape watoto dakika tano wanakili, kisha hesabu herufi za huyu na za wenzake watatu wa kawaida, si wale mahodari. Rudia siku nyingine akinakili kutoka kwenye kitabu kilicho mezani badala ya ubaoni. Akifanya vizuri zaidi mezani, kitu cha kwanza kukikagua ni macho. Nimewahi kuletewa mtoto baada ya mwaka mzima wa kuitwa mzembe, kumbe alikuwa anahitaji miwani. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba alikuwa akikaa dawati la mwisho kabisa kwa sababu ya urefu wake.

Muulize pia, bila kumtisha, alianza kushika kijiko kwa mkono upi. Bado wako watoto wengi wa mkono wa kushoto waliolazimishwa kuhamia kulia kwa kuchapwa vidole, kwa sababu kushoto ni mkono wa msalani. Heshima ya kula na kusalimia kwa mkono wa kulia inaweza kubaki kama ilivyo nyumbani kwao. Kalamu ni jambo jingine. Ukigundua ndivyo ilivyokuwa, mpe ruhusa waziwazi, mketishe kwenye ncha ya kushoto ya dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na daftari lake liinamie upande wa kulia, kinyume na wengine.

Kuna dalili ambazo ukiziona usijaribu mbinu zozote za darasani kwanza, apelekwe hospitali. Mtoto aliyekuwa anaandika au kukimbia vizuri na sasa anazidi kushindwa. Upande mmoja wa mwili kuwa dhaifu kuliko mwingine. Mvulana anayeanguka zaidi kila muhula, na akitaka kusimama kutoka chini anajisukuma kwa kuweka mikono kwenye mapaja yake mwenyewe. Kifafa. Kutetemeka kwa mikono. Kuumwa kichwa asubuhi pamoja na kutapika. Hitilafu ninayoizungumzia hapa haimzidi mtoto mwaka hadi mwaka. Alizaliwa nayo na imekuwa naye muda wote, ila ilikuwa haijapata daftari la kuianika.

Tuje kwenye darasa lako. Kuna swali moja ambalo ningekuomba ujiulize kila unaposhika chaki: kwa kazi hii, napima mkono au napima kichwa? Ukishalijibu, mengi yanajipanga yenyewe. Kipindi cha mwandiko unapima mkono, hapo mkono ufanye kazi na umsahihishe. Kipindi cha Sayansi, unapouliza sehemu za mmea, unapima kichwa. Kwa nini basi alipe kodi ya mkono? Akutajie kwa mdomo ukiwa unazunguka kusahihisha, au achore mistari ya kuunganisha majina na picha uliyokwisha kuichora, au aandike neno moja mahali ambapo wengine wanaandika sentensi nzima. Kwenye insha toa alama mbili: moja ya mawazo na nyingine ya mwandiko, zisichanganywe. Mtoto akiona 8 ya mawazo pembeni ya 3 ya mwandiko anaelewa anapotakiwa kukazana. Akiona 3 peke yake anaelewa kwamba hajui kitu. Na ukumbuke wingi wa kazi hizi: utafiti wa Marekani wa 1992 uliopima muda madarasani ulikuta watoto wa shule ya msingi wakitumia kati ya asilimia 31 na 60 ya siku kwenye kazi za vidole, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kuandika.

Kunakili ubaoni ndiko kunakomaliza nguvu zake bila faida yoyote. Anatazama juu, anashika herufi mbili, anashusha macho, anatafuta mstari, anasahau, anapandisha tena. Wakati huo wewe umeshafuta. Tafuta karatasi ya kaboni. Kipande kimoja kinatumika siku nyingi. Rafiki yake mwenye mwandiko mzuri aweke kaboni chini ya ukurasa wake, na mwisho wa kipindi huyu anapata nakala ya notisi akabandike kwenye daftari lake. Muda uliookolewa autumie kupigia mstari maneno muhimu na kujibu maswali. Wenzake watalalamika siku mbili, kisha watazoea. Watoto wanajua tofauti ya upendeleo na msaada kuliko tunavyodhani, mradi uwaeleze.

Ukaaji. Najua madawati ni ya watu watatu na wakati mwingine wanakaa wanne. Lakini angalia miguu yake. Ikiwa inaning'inia, mwili mzima unatafuta mahali pa kushika, na mkono nao unakakamaa. Matofali mawili chini ya miguu yanatosha. Ncha ya dawati, si katikati, ili pawe na nafasi ya kiwiko. Daftari liinamishwe kidogo, na mkono usioandika ulishike lisiteleze. Hili la mkono wa pili linasahaulika mno, na ukiangalia daftari linalotembea mezani utaelewa kwa nini mistari inapanda mlima.

Kushika kalamu kuna walimu wanaokufanya dini. Wanataka vidole vitatu, namna moja, kwa kila mtoto. Tafiti hazikuona kwamba ushikaji huo mmoja unaleta mwandiko mzuri au wa haraka kuliko namna nyingine tatu zinazoonekana kwa watoto wengi. Mtoto wa miaka tisa aliyekwisha zoea ushikaji wake, mwache, isipokuwa kama vidole vinamuuma au anachoka baada ya mistari miwili. Ikiwa ni hivyo, kata kipande cha tyubu ya baiskeli urefu wa kidole gumba, ukivishe kwenye penseli. Inakuwa nene, haitelezi, na hatahitaji kuibana. Penseli fupi pia inafaa kuliko ndefu kwa sababu haina nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Kuhusu karatasi kutoboka: weka daftari juu ya kitambaa au gazeti lililokunjwa, mwambie aandike "bila kutoboa". Akikandamiza, penseli inazama na kutoboa papo hapo, na anajirekebisha mwenyewe. Afanye hivyo dakika chache tu, kama mchezo.

Kiboko kinafanya kinyume cha tyubu. Mtoto mwenye hofu anabana zaidi.

Sasa zoezi lenyewe la mkono, na hapa nitatofautiana na ushauri utakaousikia kwa watu wengi, hata baadhi ya wenzangu wa fani. Utaambiwa mtoto afinyange udongo, akande unga wa chapati, achambue mchele, acheze mdako, ndipo mkono "upate nguvu" na mwandiko utengemae. Ni mambo mazuri, nami nayapenda, mdako hasa. Lakini anayefinyanga udongo anakuwa hodari wa kufinyanga udongo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Kanada mwaka 2011 yalionyesha kwamba programu zisizokuwa na mazoezi ya kuandika kwenyewe hazikusaidia mwandiko, na hata zenye kuandika hazikusaidia zilipokuwa na vipindi pungufu ya 20. Kwa hiyo kama una dakika kumi, ziende kwenye herufi. Mdako acheze jioni.

Dakika kumi hizo zipatikane mara nne kwa wiki. Ukihesabu, vipindi 20 vinakwisha ndani ya wiki tano, na ukiendelea hadi mwisho wa muhula utakuwa umevipita mbali. Usimfundishe kwa mpangilio wa a, b, ch, d. Fundisha kwa ukoo wa mwendo. Ukoo wa kwanza ni herufi zinazoanza kama mwezi mwandamo na kuzungukia kushoto: a, d, g, o, pamoja na ile c ya "ch". Akiishika njia ya moja, nyingine ni nyongeza ndogo ya mkia. Ukoo wa pili unashuka na kurudi juu: n, m, r, h, b, p. Kwa kuzitenganisha b na d kwenye koo mbili tofauti, wiki mbili tofauti, utaona hata kule kuzichanganya kunapungua. Ukoo wa tatu ni wa kushuka wima: i, l, t, u, j. Wa mwisho ni wa mistari ya kukata: k, v, w, y, z.

Kwa kila herufi fanya hivi. Chora herufi kubwa kwenye kadi, weka mishale yenye namba kuonyesha penseli inaanzia wapi na kwenda wapi. Atazame akiifuata kwa kidole, huku akisema: "zunguka, panda, shuka." Ifunike kadi. Ahesabu moja hadi tatu, kisha aandike bila kuangalia. Hapo kwenye kufunika ndipo kazi yote ilipo, kwa maana anayefuatisha nukta anatumia macho, na tunachotaka ni mkono ukumbuke. Aandike mara tano tu, si ukurasa mzima. Mwisho achague mwenyewe ile iliyo bora na kuizungushia duara, akuambie kwa nini. Mara ya kwanza atazungushia yoyote. Baada ya wiki mbili utamsikia akisema, "Hii imekaa kwenye mstari." Ukurasa mzima wa herufi moja ni adhabu, na ukiuchunguza utaona herufi ya mwisho ni mbaya kuliko ya kwanza: amefanya mazoezi ya kuharibu.

Hisabati ina shida yake. Tarakimu zikitawanyika, mamoja yanakaa chini ya makumi, jibu linakosewa, nawe unadhani hajui kujumlisha kwa kubeba. Kama wazazi hawawezi kununua daftari la vyumba, geuza la kawaida likae kwa ubavu. Mistari iliyokuwa ya kulala sasa imesimama, na kila nafasi ni nyumba ya tarakimu moja: mamoja, makumi, mamia. Haigharimu hata shilingi. Rula inayoteleza ibandikwe kipande cha tyubu kwa chini, ile ile ya baiskeli.

Maji na kamba za viatu hazimo kwenye muhtasari wa Darasa la Tatu, lakini ndizo zinazomtia aibu mbele ya wenzake. Huko Kanada, Helene Polatajko na Angela Mandich walitengeneza njia ambayo naitumia karibu kila siku, na kiini chake ni maneno manne: Lengo, Mpango, Fanya, Kagua. Mkubwa haonyeshi jibu. Anauliza mpaka mtoto aligundue. Nilikuwa na kijana wa umri wa huyu wako, naye tatizo lake lilikuwa ndoo.

"Unataka iweje?"

"Maji yafike."

"Yanamwagikia wapi?"

Hakujua. Tukatembea naye njia nzima. Yalikuwa yanamwagika pale penye mteremko, anapoongeza mwendo.

"Tufanyeje?"

"Nisijaze."

Akachota robo tatu. Yakamwagika tena, kidogo. Akaketi chini akiitazama ndoo, amenuna. Kisha akasema bibi yake huwa anaweka majani juu ya maji. Akakata tawi lenye majani mapana, akaliweka. Maji yakatulia, yakafika. Mimi nilikuwa nalijua hilo la majani tangu mwanzo, na kunyamaza ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika kazi hii. Lakini ningemwambia, lingekuwa langu. Wiki iliyofuata alikuja na mpango wake wa kamba za viatu: kamba mbili za rangi tofauti, ili ajue ipi inapita juu ya ipi.

Mpira nao usiupuuze. Acha utaratibu wa manahodha wawili kuchagua watu mmoja mmoja, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki mwisho kila mara. Hesabu moja-mbili, moja-mbili, timu zimepatikana. Kudaka aanze na mfuko wa plastiki uliopulizwa, maana unashuka polepole na kumpa muda wa kuandaa mikono, ndipo aje kwenye mpira wa makaratasi. Wengi wa watoto hawa hupata raha zaidi kwenye kukimbia au kuogelea kuliko kwenye michezo yenye kitu kinachoruka.

La mwalimu mkuu: kurudia Darasa la Pili. Hapana. Mwambie kwa heshima, na uende na vile vizibo mkononi umwonyeshe. Mtoto anaelewa masomo ya Darasa la Tatu na ushahidi uko wazi. Akirudi nyuma atasomeshwa upya vitu anavyovijua, na mkono wake utakuwa uleule, kwa kuwa mkono haukukosa mwaka, ulikosa njia. Pia atakuwa mkubwa kuliko wote darasani na bado wa mwisho kumaliza kuandika.

Kitakachombana kweli ni upimaji wa Darasa la Nne, mwakani tu. Kwa hiyo anza sasa. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini ombi linapitia shuleni na halmashauri, tena mapema wakati wa usajili, likiwa na taarifa ya utambuzi. Afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye mtu wako. Anaweza kukwambia hili la mwandiko si ulemavu, kwa sababu amezoea wasioona na viziwi. Usigombane naye. Mpelekee daftari, matokeo ya kipimo cha dakika tano, na vile vizibo. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliotolewa mwaka 2021 umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wote wanaokutana na vikwazo vya kujifunza, na una haki ya kuutaja. Kama kuna mwalimu jirani aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, mtafute, atakusaidia kuandika taarifa hiyo kwa lugha inayotakiwa. Baadaye, kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kuna jambo la kumwandaa: tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua hutiwa kivuli kwenye fomu ya OMR, ile inayosahihishwa kwa mashine, na kwa mkono kama wake kivuli kinaruka hadi swali lisilo lake. Afundishwe kuweka rula chini ya mstari anaoujibu, na atumie penseli iliyolika ncha.

Simu isaidie pia, kama mama anayo ya kisasa. Tangu 2017 huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inasikia Kiswahili. Mtoto anaweza kuisimulia insha yake jioni, ikatoka kwa maandishi, akaisoma na kunakili sentensi tatu tu alizozipenda. Haitamfundisha mwandiko, na kwenye mtihani hataruhusiwa. Lakini ataona, pengine kwa mara ya kwanza, maneno yake mwenyewe yakisomeka.

Je, atapona? Wengi hubaki na kiasi fulani cha tatizo hadi ukubwani. Mwandiko wake hautakuwa wa kuandikia vyeti. Lengo la mwaka huu liwe dogo: usomeke, na amalize nusu ya kazi ya ubaoni bila mkono kuuma. Ukiona pia hatulii kabisa, anaamka ovyo, anasahau maelekezo, liandike na hilo. Karibu nusu ya watoto wa namna hii wana pia tatizo la umakini.

Kuhusu kumwona mtaalamu, anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie kitengo cha tiba kwa vitendo. Wengine watakuelekeza ukisema "OT". Ikikosekana, wataalamu wapo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, na KCMC Moshi, ambako ndiko kuna chuo chetu. Mama atakapokwenda, abebe madaftari matatu: la mwaka jana, la sasa, na lile baya kuliko yote ambalo ameshaona haya kulionyesha. Wewe mwandikie ukurasa mmoja wa yale uliyoyaona kwenye vizibo na dakika tano, pamoja na majibu ya mama kuhusu uzazi. Na mtoto aende na penseli yake yenye tyubu, si ya kuazima mapokezi.